Uzi: Mashine ya kubangua korosho, nataka hataza (patent) Tanzania, Msumbiji, Ivory Coast na Vietnam. Naanzia wapi?

Fundi wa Newala (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mchomeleaji, nipo Newala. Nimeunda mashine ndogo ya kubangua korosho, ya kuendesha kwa mkono, na viini vinavyotoka vizima ni vingi kuliko kwenye zile tulizozoea. Imefanyaje hivyo sitasema hapa, mnisamehe.

Watu wa vikundi wameipenda, na kuna wateja wametokea upande wa Msumbiji. Najua pia Ivory Coast ndiyo inayoongoza duniani kwa kuvuna korosho, na Vietnam na India ndio wanaobeba korosho ghafi za Afrika na kututengenezea mashine. Hofu yangu ni kuuza mashine kumi halafu mwakani nizikute zimejaa Kariakoo kutoka kiwanda cha mtu mwingine.

Kuna kijana kaniambia anaweza kunipatia "hataza ya dunia nzima", nalipa mara moja tu yeye anamaliza kila kitu. Kiasi anachotaka kinatosha kununua bodaboda. Je, kitu hicho kipo? Na kama hakipo, mtu wa kawaida kama mimi anafanyaje kuilinda kazi yake kwenye nchi nne au tano? Jambo la pili, mwezi wa nane nataka kuipeleka Nanenane pale Ngongo, Lindi. Kuna ubaya?

Kijiwe Noma

Weka video mkuu. Uzi bila video ni barua ya ofisini.

Mama Madai

Usiweke video! Wala picha ya ndani ya mashine, wala mchoro, hapa au kwenye magrupu ya WhatsApp. Kijiwe Noma, wewe kaa pembeni kwanza.

Kaka wa Newala, mimi kazi yangu ni uwakala wa hataza, Dar. Nianze na huyo kijana: hataza ya dunia nzima haipo. Haijawahi kuwepo. Hataza inatolewa na nchi, au na ofisi ya kikanda kwa niaba ya nchi zilizojiunga nayo, na nguvu yake inaishia kwenye mipaka hiyo. Anayekuuzia hataza ya dunia, ama hajui anachouza au anajua vizuri sana. Usimpe hata nauli.

Kilichopo ni mikataba inayokuwezesha kuanza sehemu moja halafu ukaenda nyingine bila kupoteza tarehe yako. Mkubwa kuliko yote ni Mkataba wa Paris wa mwaka 1883. Tanzania imo tangu 1963, Kenya tangu 1965. Huo unasema hivi: ukiwasilisha ombi lako la kwanza katika nchi moja mwanachama, una miezi 12 ya kwenda kuomba nchi nyingine, na huko watalihesabu ombi lako kana kwamba lilifika siku ile ile uliyoomba nyumbani. Mtu akitangaza mashine kama yako katikati ya miezi hiyo, hakudhuru. Ndiyo inayoitwa haki ya kipaumbele, na kwa mtu asiye na fedha ndiyo mali kubwa kuliko zote kwenye mchezo huu.

Sasa Nanenane. Hataza inataka kitu kipya, na "kipya" maana yake hakijaonekana hadharani popote kabla ya tarehe ya ombi lako. Ukienda Ngongo ukaifungua mashine mbele ya watu kabla hujawasilisha ombi, umejitangazia mwenyewe. Peleka ombi kwanza BRELA, wakala wa serikali anayesajili hataza, hata wiki moja kabla. Ukishapata risiti yenye tarehe na namba, nenda Nanenane, nenda Sabasaba, nenda MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya ubunifu, itangaze mpaka uchoke.

Injinia wa Kilifi

Dada Mama Madai, hapo kwa maonyesho niongeze kidogo. Huku kwetu Kenya sheria ya 2001 inakusamehe ukiwa umejitangaza wewe mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba KIPI, ofisi yetu ya hataza. Marekani pia wana miezi 12. Kwa hivyo si kila mahali mlango umefungwa.

Ndugu yangu wa Newala hongera. Sisi Kilifi tulikuwa na kiwanda kikubwa cha korosho, kikafa, wakulima wakang'oa mikorosho. Mashine ndogo za vikundi ndizo tunazohitaji.

Mama Madai

Ni kweli Injinia, na Japani nao wanasamehe. Lakini Ulaya haisamehi, isipokuwa mtu amekuibia siri au umeonyesha kwenye yale maonyesho makubwa machache ya kimataifa yanayotambuliwa na mkataba wa 1928. Nanenane haimo. Anayetaka nchi nyingi anafuata sheria ya nchi kali kuliko zote kwenye orodha yake. Msamaha wa Nairobi haumsaidii mtu anayesimama mbele ya mchunguzi wa ofisi ya hataza ya Ulaya kule Munich.

Mzee wa Gerezani

Nimesoma, nimecheka. Miaka yangu yote nipo karakana za mtaa wa Gerezani, Dar, hataza nimeziona. Ni karatasi. Huyo fundi akiipata hiyo ya Vietnam, nani atapanda ndege kwenda kushtaki Hanoi? Kwa wakili gani?

Niwape siri nyingine wasiyoisema mawakala. Ombi la hataza linachapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza, michoro yote nje, mtu yeyote anasoma bure mtandaoni kwenye hifadhi za hataza, PATENTSCOPE au Espacenet. Mimi mwenyewe huwa naingia humo. Mashine yenye hataza China na Vietnam pekee, ambayo mwenyewe hakuomba Tanzania, naichonga hapa Gerezani mchana kweupe na hakuna sheria ninayovunja. Na mwenzangu wa kule anaweza kumfanyia hivyo hivyo huyu fundi. Ushauri wangu: funga mdomo, tengeneza haraka, uza, jenga jina.

Kijiwe Noma

Mzee kamwaga mboga 😂

Mama Madai

Mzee wa Gerezani, shikamoo. Hiyo ya kusoma hataza za nje usiicheke, ndiyo ningependa kila fundi nchini aijue. Ni halali kabisa, kwa sababu hiyo hiyo niliyoitaja: hataza haivuki mpaka. Na hataza iliyokwisha muda wake, yaani miaka 20 tangu kuwasilishwa, au ambayo mwenyewe ameacha kulipia ada ya mwaka, ni ya kila mtu.

Lakini kwenye siri tunatofautiana. Siri inafaa kwa dawa ya kuchanganya au joto la tanuri. Mashine ya chuma unayomkabidhi mteja, anayeijua bisibisi ataisoma jioni moja. Fundi hana siri ya kufunga mdomo, siri anaiuza pamoja na mashine.

Na hiyo ya Hanoi umeigusa penyewe. Ndiyo maana sijamwambia aende Vietnam. Nakuja hapo, niwahi kwanza kazi ya watu.

Mbongo Pune

Wakati tunamsubiri dada. Nasoma India, niliwahi kusaidiana na profesa wangu kwenye ombi. Onyo kwa Watanzania walioko huku: ukiwa mkaazi wa India na umebuni kitu, sheria yao hairuhusu kuwasilisha ombi nje kwanza bila kibali. Ama unaomba India na kusubiri wiki sita, ama unachukua ruhusa. Marekani wana jambo la namna hiyo kwa ubunifu uliofanyika kwao, na China pia wana ukaguzi wao wa usiri. Uraia wako hauangaliwi sana kwenye haya, linaloangaliwa ni unaishi wapi au kitu kilibuniwa wapi. Kwa mleta uzi aliyeko Newala haimhusu, lakini najua humu kuna wa vyuoni.

Mama Madai

Nimerudi. Mbongo Pune asante, hiyo imewahi kumponza mtu.

Kaka wa Newala, chukulia umeenda BRELA tarehe 1 Julai 2026. Kuanzia hapo mpaka 1 Julai 2027 una miezi yako 12 ya Paris. Ndani yake unaweza kwenda nchi moja moja kwa mkono, kila nchi na wakala wake na fedha yake. Au unapita njia za pamoja, na kwetu sisi ziko tatu za kujua.

ARIPO, ofisi ya kikanda ya hataza, makao yake Harare. Ilizaliwa kwa makubaliano ya Lusaka ya 1976, na hataza zake zinatolewa chini ya Itifaki ya Harare ya 1982. Ombi moja kwa Kiingereza, unataja nchi unazozitaka: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Msumbiji, Malawi, Zambia, Ghana na wenzao. Unalipia kila nchi uliyoitaja. Wanachunguza ubunifu kweli kweli, siyo fomu tu. Wakiridhika wanaziarifu nchi hizo, na kila nchi ina miezi sita ya kusema "kwetu hapana". Ikinyamaza, hataza inakuwa na nguvu kwake.

OAPI, ofisi nyingine ya kikanda, makao Yaoundé, kwa Mkataba wa Bangui wa 1977. Hii ni nchi 17, nyingi zinazungumza Kifaransa, na hapa huchagui nchi. Ukipata hataza umezipata zote kwa mpigo: Ivory Coast, Benin, Guinea-Bissau, Burkina Faso, Senegal... tazama hizo nne za mwanzo halafu niambie kama siyo ramani ya korosho. Maombi wanapokea kwa Kifaransa au Kiingereza. (Na kwa wenzetu wa Ngazija wanaosoma humu: Komoro imo OAPI, haimo ARIPO. Mfanyabiashara wa Mombasa anayedhani ARIPO inamfikisha Moroni atapotea.)

Ya tatu ni PCT, mkataba uliosainiwa Washington 1970 na kuanza kufanya kazi 1978, unasimamiwa na WIPO, shirika la miliki bunifu la Umoja wa Mataifa, kule Geneva. Nchi wanachama zimepita 150, na kwa miaka ya karibuni yanaingia maombi zaidi ya 270,000 kila mwaka. Hii ndiyo huyo kijana wako anaiita hataza ya dunia. Siyo hataza. PCT haitoi hataza hata moja. Ni kama kuweka ndoo yako kwenye foleni ya maji: nafasi imeshikwa kwenye nchi zote wanachama, lakini maji bado hujachota, na kila bomba utalifuata mwenyewe na kulilipia.

Ukiingia PCT ndani ya ile miezi 12, muda wa kuamua nchi unasogea mpaka miezi 30 tangu tarehe ya kwanza. Kwa mfano wetu ni 1 Januari 2029. ARIPO, India, Vietnam na ofisi ya Ulaya wanatoa 31. Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa kati ya nchi chache kabisa zilizobaki na miezi 21 kwa anayeingia moja kwa moja bila kuomba uchunguzi wa awali, ndiyo sababu mawakala wengi wa nje walizoea kuingia kwetu kwa mlango wa ARIPO.

Fundi wa Newala

Dada Mungu akuzidishie. Sasa bei. Na hiyo PCT inanisaidia nini kama haitoi hataza?

Mama Madai

Inakusaidia mambo mawili, muda na ripoti.

Muda umeuelewa. Ripoti ni hivi: ukiingia PCT, ofisi moja kubwa, mfano ile ya Ulaya, inakutafutia duniani kote kama kuna aliyekutangulia. Ripoti ikija angalia herufi iliyoandikwa mbele ya kila hati waliyoikuta. A maana yake ni ya kujaza maarifa tu. Y maana yake hati hiyo ikiunganishwa na nyingine inakubana. X maana yake hati hiyo peke yake inaangusha dai lako, yaani kile unachosema kwenye ombi kuwa umekibuni wewe. Nimeona watu wanapokea ripoti imejaa X kila mstari, wanaifungia kabatini, halafu wanakwenda kulipia nchi sita. Ukipata X, ama unayapunguza madai yako yabaki kwenye kile ambacho kweli ni chako, ama unaacha. Na ukiliondoa ombi kabla ya miezi 18 kutimia, kabla maandalizi ya kuchapisha hayajakamilika, halichapishwi. Siri yako inarudi kwako, Mzee wa Gerezani hataiona kwenye PATENTSCOPE.

Bei sasa. Ada ya kimataifa ya kuwasilisha PCT ni faranga 1,330 za Uswisi, kwa ombi lisilozidi kurasa 30. Wengi wanaishia kusoma hapo, wanakata tamaa. Lakini mtu binafsi wa Tanzania, Kenya au Uganda anapunguziwa asilimia 90. Unalipa faranga 133. Tanzania, kwa kuwa ipo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, hata kampuni inapata punguzo hilo. Kenya linawahusu watu binafsi tu. Ada ya utafutaji inalipwa mbali, na ukichagua ofisi ya Ulaya ni zaidi ya euro 1,800, ila mtu binafsi kutoka nchi zetu wanampunguzia asilimia 75. Bado si fedha ya kuchezea, lakini siyo bodaboda.

Sharti moja wengi hawalioni: mkiwa waombaji wawili, wote wawili muwe na sifa ya punguzo. Ukimwingiza mfadhili wako wa Ujerumani kama mwombaji mwenza, punguzo limekwenda.

Injinia wa Kilifi

Na hizo ni ada za ofisi tu. Gharama yenyewe iko mbele, kwa mawakala wa kila nchi na tafsiri. Vietnam lazima ombi zima litafsiriwe kwa Kivietnamu. India Kiingereza kinatosha. Kisha ada za kila mwaka, kila nchi, na hupanda mwaka hadi mwaka.

Halafu tusisahau kwamba hata ukiipata, kila nchi inaweza kuipindua kivyake. Mnakumbuka teff ya Wahabeshi? Kampuni ya Uholanzi ilipewa hataza na ofisi ya Ulaya mwaka 2007 juu ya kusindika unga wa teff, nafaka ambayo Ethiopia wameila kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2018 mahakama ya The Hague ikaitangaza batili. Waethiopia wakashangilia, na ilikuwa haki yao. Lakini hukumu ile iliua kipande cha Uholanzi peke yake. Ujerumani, Italia na kwingineko ilibidi kila kipande kishughulikiwe mbali. Ndivyo hataza za nchi nyingi zilivyo, ukiipata unaipata vipande vipande, na kuiua vile vile.

Karafuu Chungu

Samahani kuwatoa kidogo. Niko Pemba, nina kifaa cha kutenganisha karafuu na vikonyo. Nikiandikisha BRELA si inatosha? Au na mimi niende Harare?

Mama Madai

Ndugu yangu, BRELA ni ya Bara. Miliki bunifu si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya 2008 na wakala wake, BPRA. Anzia hapo Unguja, tarehe utakayopewa ndiyo ujengee mengine. Ukitaka na Bara, ombi la Bara ni jingine.

Mzee wa Gerezani

Haya, marahaba binti, umeeleza vizuri. Lakini swali langu la Hanoi bado liko mezani.

Mama Madai

Ndiyo naliendea Mzee wangu.

Watu wengi wanachagua nchi kwa hofu: "Wachina wataiga, kwa hiyo nikaombe China." Mimi namwambia mteja ajiulize mambo mawili tu, mashine hii itauzwa wapi, na anayeweza kuiga kwa wingi atalazimika kuipitisha mpaka upi ili afike kwa mnunuzi. Mashine ya kaka huyu ni ya mkono, ya kikundi cha akina mama kumi kijijini. Vietnam wana viwanda vikubwa vyenye mashine za umeme zinazojiendesha, hiyo ya mkono hawainunui. Soko lake ni Newala, Nampula, Kilifi, Ghana, Ivory Coast, Benin, Guinea-Bissau. Sasa kiwanda cha Vietnam kikiiga, kitamuuzia nani? Watu wale wale. Hataza inampa mwenyewe haki ya kuzuia kutengeneza, kuuza na pia kuingiza nchini. Kontena likishushwa Dar au Abidjan, anamshtaki aliyeliingiza hapa hapa, hana haja ya kupanda ndege kwenda Hanoi.

Kwa hiyo ningekuwa mimi: BRELA kabla ya Nanenane, kisha PCT ndani ya mwaka, kisha ARIPO na OAPI mwishoni mwa ule muda, kama mashine imeuza. Kwenye ARIPO taja nchi zenye mikorosho tu, sifa ya kutaja nchi nyingi inalipiwa kila mwaka. Nigeria fikiria, kwa sababu ni wakulima wakubwa na haimo ARIPO wala OAPI, lazima uingie peke yake. Kule hawachunguzi undani wa ubunifu, wanaangalia makaratasi, hataza inatoka upesi lakini mahakamani ndiko itakakopimwa. India iache mpaka uone ripoti. Vietnam sahau.

Na kama ungeniambia soko lako ni Tanzania, Msumbiji na Kenya pekee, nisingekupeleka PCT kabisa. Ungetoka BRELA ukaenda ARIPO moja kwa moja, fedha ya Geneva ukanunulia vyuma.

Mbongo Pune

Hapo kwa India naafiki. Ila ukija kuingia, kumbuka kuomba uchunguzi ndani ya miezi 31 hiyo hiyo, zamani walikuwa wanatoa 48, wameifupisha 2024. Watu bado wanatumia kalenda ya zamani.

Kijiwe Noma

Mimi swali langu la kizushi. Hivi Disney na "Hakuna Matata" ile nayo ni hataza? Maana nimeambiwa nikisema nitadaiwa.

Injinia wa Kilifi

Hiyo ni alama ya biashara, bwana. Ya Marekani, kwa mavazi. Sema hakuna matata mpaka koo likauke.

Fundi wa Newala

Nimeelewa wakuu, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Jambo la mwisho. Hii mashine nilianza peke yangu, lakini kile kisu kilikuwa kinakwama, na aliyenipa njia ya kukifanya kisikwame ni kijana ninayefanya naye kazi, nilimlipa posho yake kama kawaida. Kwenye fomu naandika jina langu tu?

Mama Madai

Hapana. Wabunifu ni wale waliotoa wazo lililomo kwenye madai. Ikiwa madai yako yanasimama juu ya kisu kisichokwama, huyo kijana ni mbunifu mwenzako, mwandike. Mwombaji, yaani mwenye mali, ni habari nyingine. Hapo mnaweza kukubaliana akuhamishie haki yake kwa maandishi, kwa malipo au kwa sehemu ya mauzo, na karatasi hiyo isainiwe kabla ya kwenda BRELA, siyo baada ya Wamsumbiji kulipa. Posho ya siku haikuhamishii kitu. Siku mtu akitaka kuipindua hataza yako, Dar au Abidjan, mtu wa kwanza atakayemtafuta ni huyo kijana.

Fundi wa Newala

Yuko hapa karakana muda huu. Namwita tuongee.